Mashine Iliyoogopa Lori

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa na miaka sita, husema nilizaliwa nimekunja ngumi na mkunga akanipisha njia. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mwezi ule nilikuwa na hasira, usidhani natia chumvi. Nilikuwa na hasira na meneja. Nilikuwa na hasira na ubao wa meneja. Na nilikuwa na hasira na Mama mdogo mwenyewe, mtu ninayempenda kuliko wote, kwa sababu kila siku iendayo kwa Mungu alikuwa akinitia aibu mbele ya watu kwa mashine niliyomtengenezea kwa mikono yangu.

Tulifanya kazi ghala moja, ghala la vifaa vya ujenzi: koki, mabomba, viungo vya mabomba, bawaba, rangi, misumari. Yeye alikuwa mkusanyaji wa safu ya tisa. Anapita kati ya rafu na toroli lake, anachukua alichoagiza mteja, anakipeleka kwa wafungaji wa mizigo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Mwekee kiungo cha bomba mkononi akiwa amefumba macho, atakwambia ni cha nusu inchi au robo tatu, na kama kimeanza kushika kutu atakwambia pia. Mimi nilikuwa fundi wa mashine na mtandao. Niliingia pale kwa sababu yeye alinipeleka, akanisimamisha mbele ya meneja wa zamani, akasema huyu ni mwanangu, kichwa anacho, mdomo mtamvumilia.

Meneja wa sasa tulimbatiza Dakika. Alikuja na imani moja tu, kwamba kazi ya mtu hupimwa kwa dakika, na akaleta skana arobaini za mkononi za kuzipimia. Skana zenyewe ni vitu vizuri, siwezi kusema uongo. Nene kidogo, zina skrini na kitufe cha rangi ya chungwa. Mkusanyaji anaielekeza kwenye msimbo wa boksi, ile michoro ya mistari myeusi na myeupe, inalia piip, na habari inakwenda kwa redio hadi kwenye visahani vyeupe nilivyovifunga darini, kutoka hapo hadi kompyuta kuu. Kompyuta kuu inajua nani amechukua nini na saa ngapi. Inajua pia nani amekaa bila kusoma msimbo wowote. Hizo ndizo Dakika aliziita dakika zilizopotea, na kila Jumatatu aliziandika kwenye ubao mweupe karibu na mlango mkubwa, jina na namba, aliyepoteza nyingi akiwa juu.

Kuziunganisha skana hizo na mtandao ni kazi ya karatasi. Huandiki kitu kwa vidole, vitufe ni vidogo, ukikosea herufi moja ya nenosiri unaanza upya na kulaani ukoo wa aliyeziunda. Unachapisha karatasi yenye misimbo sita, kila msimbo una agizo lake: jina la mtandao, nenosiri, chaneli, nguvu ya redio, namna ya kuhama kutoka kisahani hiki hadi kile mtu akitembea, na mwisho kabisa anwani. Unaisomesha skana misimbo sita, piip mara sita, imeshajua yote. Mitano ya kwanza ni ile ile kwa mashine zote. Wa sita ni wa mashine moja tu. Skana ya kwanza niliipa anwani 101, ya pili 102, hivyo hivyo hadi ya arobaini, 140. Anwani ni namba ya nyumba. Nyumba mbili zikipewa namba moja, mleta barua hajui abishe wapi. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na nimewafundisha wengine.

Siku ya kuzitengeneza nilikaa kwenye chumba cha mitambo tangu asubuhi na rundo la karatasi arobaini. Dakika alichungulia kila robo saa kuuliza zimebaki ngapi, nami nikamjibu kwa kusaga meno. Mama mdogo akaniletea chai, maana alijua sijatia kitu tumboni. Akaweka kikombe pembeni ya rundo, kikapinduka. Nilimfokea, Dakika akiwa pale pale mlangoni. Nikamwambia chai ni ya kantini, mezani kwangu ni kazi. Akaifuta meza kwa kitambaa chake, akaenda zake, nami nikaendelea.

Wiki ya pili akaja na skana yake, namba kumi na saba. Akasema inakufa. Nikamwuliza inakufa vipi. Akasema inaganda, unasoma msimbo hailii, unabonyeza haisikii, halafu baadaye inajiamkia yenyewe. Nikafuatana naye hadi safu ya tisa, nikaishika mimi, ikalia vizuri. Alama ya mawimbi ilikuwa imejaa. Hata hivyo nikapanda ngazi kukagua kisahani cha juu ya safu ile, kwa sababu pale kuna mabomba ya chuma na chuma hunywa mawimbi. Nikaongeza nguvu, nikabadilisha chaneli. Kesho yake akaja tena. Nikabadilisha betri. Akaja tena. Nikazima ile hali ya kuokoa betri, nikakihamisha kisahani chenyewe mita nne, huku natoka jasho na natukana kimoyomoyo. Kila nikiishika mimi, nzima. Nikimwachia yeye, kabla ya saa sita amerudi.

Nilitazama pia orodha kwenye kompyuta, ile inayoonyesha skana zilizo hewani. Zilikuwa thelathini na tisa. Nikasema moyoni ya arobaini imezimwa, ndiyo ya mapokezi, huwashwa mara moja moja. Nikaifunga orodha. Lishike hilo, maana mimi sikulishika.

Mara ya tano alinijia kantini, saa ya chakula, watu wote wapo. Akasimama mbele ya meza yangu na skana mkononi.

"Mwanangu, nimeichunguza vizuri," akasema. "Inakufa lori likija."

Nilicheka. Na niseme ukweli wote, nilicheka wa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwa kuwa mimi ndiye fundi, wengine wakapata ruhusa. Nikauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, mashine inaliogopa lori kwa nini, lilimgonga ndugu yake? Watu wakashika mbavu. Mmoja akasema itafutiwe dawa ya woga. Kuanzia hapo wakamwita Mama Lori, na kila lori likipiga honi getini kulikuwa na mtu wa kupiga kelele kwamba mwenye mashine aikumbatie. Siku ile yeye alikunywa maji yake, akaosha kikombe, akarudi safu ya tisa.

Jumatatu iliyofuata jina lake lilikuwa juu ya ubao. Dakika mia na tisini. Jumatatu ya pili, mia mbili na kumi na nne. Ya tatu, mia mbili thelathini na tisa. Watu waliokuwa wakitania wakaanza kunyamaza akipita, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko utani.

Dakika akaniita ofisini. Alitaka niandike hati ya ukaguzi, skana namba kumi na saba ni nzima au mbovu. Nikamwambia nimeikagua mara sita sioni kitu. Akaegemea kiti, akaniuliza kwa upole wa kukera kama nina hakika, au nasitasita kuandika kwa kuwa mhusika ni mama yangu. Hasira zikanipanda hadi utosini. Mimi nisitesite? Mimi nimkingie mtu kifua kazini? Nikavuta karatasi, nikaandika: Skana namba kumi na saba imekaguliwa. Haina kasoro yoyote. Nikatia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Nilitoka pale najiona mtu wa haki.

Alhamisi, saa nane mchana, Mama mdogo alipewa barua. Nilimwona akiisoma kwa wafungaji, amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Uzembe wa makusudi, ilisema. Ajieleze kesho saa nne asubuhi kwa nini asiachishwe kazi. Na nyuma ya barua, imebanwa kwa pini, ilikuwa hati yangu. Aliisoma nayo. Akazikunja zote mbili mara nne, akazitia mfuko wa aproni, akainua uso na kunitazama mara moja. Halafu akaliacha toroli lake pale pale na kwenda chumba cha kubadilishia nguo.

Unadhani nilimfuata? Nilikasirika zaidi. Nilikasirika kwa nini hakunitukana. Nikaichukua kumi na saba kwenye toroli, nikaenda nayo safu ya tisa kwa hatua za kishari, nikiwa nimeapa kusimama pale mpaka jioni, niisomeshe misimbo mia tano, nithibitishe kwamba ni nzima, halafu nimpelekee na kumwambia haya sasa, sema ulichokuwa unakifanya huku.

Nilianza na rafu ya chini. Piip, piip. Nikasogea hadi kwenye nguzo ya katikati, na hapo ndipo nilipoiona chaki. Ilikuwa usawa wa macho, mistari midogo imepangwa safu kwa safu, nadhifu, kama watu wa zamani walivyohesabu magunia kabla ya kompyuta. Juu ya kila safu ameandika siku. Pembeni ya kila mstari ameandika saa, na pembeni ya saa herufi moja, L. Siku nyingine mistari mitatu, siku nyingine saba. Hakuna hata mstari mmoja usio na L. Nilikuwa nimepita kwenye nguzo ile mara kumi nikiwa na ngazi begani.

Nikasimama pale. Hasira zilikuwa bado zipo ila hazikujua ziende wapi.

Lori likapiga honi getini. Nikasikia filimbi ya mapokezi, kule mizigo inakoshushwa, ikiliongoza kurudi nyuma, nikasikia milango ya nyuma ikifunguliwa. Nikasoma msimbo. Piip. Nikasoma mwingine. Piip. Nikasoma wa tatu, kimya. Nikabonyeza, kimya. Skrini imeganda, mawimbi yamejaa, na maneno madogo chini yanasema inatafuta kompyuta kuu. Nikashika nguzo, chaki ikanipaka kiganjani.

Nilikwenda mapokezi karibu mbio. Msimamizi wa pale ni mtu mzima tunayemwita Filimbi kwa sababu haivui shingoni. Alikuwa nyuma ya lori na skana namba arobaini, anasoma maboksi yanayoshuka. Nikamwomba aizime. Akaniuliza nimeumwa na nini. Nikamwambia azime tu, kaka, tafadhali, na nadhani neno hilo tafadhali lilimtisha, hajawahi kulisikia kwangu. Akaizima. Kumi na saba ikaamka mkononi mwangu, ikatoa piip iliyokuwa imekwama. Akaiwasha, ikafa. Akaizima, ikaamka. Nikafungua mipangilio ya kumi na saba nikatelemka hadi mstari wa mwisho, anwani. 140. Nikafungua ya arobaini. 140.

Kwanza nilitafuta wa kumuua. Nilitaka kujua ni mjinga gani, bwege gani, aliyegusa mipangilio yangu. Nilikwenda chumba cha mitambo nikaitoa droo nzima ya karatasi za siku ile na kuzimwaga sakafuni, nikitafuta ya kumi na saba. Niliipata. Za jirani yake zilikuwa na vidoa pembeni, hiyo ilikuwa safi kabisa. Chini ya rundo ilikuwa nyingine ya kumi na saba, imekunjamana, ina duara la kahawia. Chai.

Nikakumbuka yote kama jana. Chai ilikuwa imeilowesha karatasi ya kumi na saba, haisomeki. Nilikuwa nimetoka kumfokea, Dakika anachungulia. Kwenye kompyuta ilikuwa wazi karatasi ya mwisho, ya arobaini. Nikafuta namba arobaini ya juu, nikaandika kumi na saba, nikachapisha. Msimbo wa sita sikuugusa. Sikuukumbuka. Nilikuwa nakumbuka maneno mengine ya kumwambia mtu aliyeniletea chai.

Kuirekebisha kulichukua chini ya dakika moja. Nilichapisha karatasi sahihi, 117, piip mara sita, kwisha. Wiki tatu za mtu, na dawa yake chini ya dakika moja.

Filimbi alikuwa amenifuata hadi mlangoni, ameona karatasi sakafuni na si mtu wa kuelezwa mara mbili. Akashusha sauti. Akasema hakuna haja ya kujichongea, kesho niseme tu mtandao ulikuwa unasumbua, umetulia, yameisha. Mtandao hauna uso, akasema, na hakuna aliyewahi kuufukuza kazi. Alisema kwa nia njema. Na mimi, nisidanganye, niliupenda ushauri ule. Niliubeba hadi nyumbani.

Tunaishi vyumba viwili na ukumbi mdogo wenye cherehani yake. Nilipoingia jua lilikuwa bado linagusa dirisha. Alikuwa anapiga pasi gauni lake la kijani, lile la shughuli za heshima, ametandika blanketi juu ya meza. Barua ilikuwa pembeni, imekunjuliwa, na hati yangu juu yake. Tundu la kalamu yangu lilionekana toka mlangoni. Nikamwita. Akasema chakula kimefunikwa, nile kabla hakijapoa. Nikamwita tena, akageuza gauni na kuanza upande wa pili, taratibu, mikunjo yote ikanyooka. Nikala sijui nini. Mdomo wote ule alionisifia mbele ya meneja wa zamani haukutoa hata neno, na nilijichukia kwa kila tonge.

Ijumaa saa nne tulikuwa wanne ofisini: Dakika nyuma ya meza, mwakilishi wa wafanyakazi na daftari lake, Mama mdogo na gauni la kijani, na mimi niliyeitwa kuthibitisha hati. Nilikuwa nimekuja na mfuko. Dakika akasoma namba zake tatu, akazijumlisha, mia sita arobaini na tatu. Akamwuliza Mama mdogo ana la kusema. Akasema alichokuwa nacho alishakisema kantini. Dakika akanigeukia na kuinua hati, akauliza kama sahihi ni yangu.

"Sahihi ni yangu," nikasema. "Maneno ni ya uongo, ila nilipoyaandika sikujua."

Nikatoa skana zote mbili mfukoni, nikaziweka mezani. Asubuhi ile nilikuwa nimeirudishia kumi na saba anwani ya makosa, ili waone kwa macho. Nikaiwasha, nikasoma msimbo wa boksi la karatasi lililokuwa hapo, piip. Nikawasha arobaini. Kumi na saba ikanyamaza. Nikazima arobaini, ikaamka. Nikarudia mara tatu, mpaka mwakilishi akaacha kuandika. Nikaeleza anwani ni nini. Nikaeleza kwamba arobaini huwashwa lori likija, kwa hiyo kila lori lilipoingia getini mashine ya huyu mama ilipigwa kumbo, na yeye aliliona hilo, akalisema, akaliandika kwa chaki siku kwa siku na saa kwa saa, na mimi mwenye cheti ukutani nikamcheka. Nikaeleza karatasi ya kumi na saba niliichapisha mimi, kwa hasira, bila kuitazama. Chai haikuwa na kosa. Mtandao haukuwa na kosa.

Dakika alibadilika rangi. Akaniuliza kama naelewa ni muda kiasi gani nimeipotezea kampuni. Nikamwambia ameshausoma, mia sita arobaini na tatu, na mwenye kuzipoteza ni mimi. Akasema nitapata barua ya onyo la mwisho kabla ya saa sita. Nikamwambia sawa. Halafu akaivuta ile barua ya Mama mdogo, akaitia kwenye jalada, akafunga jalada, akasema vizuri, suala hili limekwisha, turudi kazini, muda unakwenda.

Hivyo tu. Hakusema pole. Hakumtazama hata usoni. Mama mdogo akainuka na kunyoosha gauni lake, na damu ikanichemka kiasi kwamba nilisikia masikio yakivuma. Nikamwuliza Dakika ni lini ametia mguu safu ya tisa. Nikamwambia chaki ile iko usawa wa macho, hatua arobaini kutoka mlango huu, wiki tatu nzima, na yeye anayedai kujua kila dakika ya kila mtu hajawahi kuiona.

"Na wewe uliiona lini?" akaniuliza.

Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo, kwamba mtu nisiyemheshimu aliniuliza swali la haki.

Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwenye ubao. Ilikuwa saa ya mapumziko ya asubuhi, watu walikuwa wanatoka kantini, wale wale. Nikachukua kitambaa nikafuta jina lake na namba yake, nikafuta kwa nguvu mpaka ubao ukalia. Mahali pale pale juu nikaandika FUNDI WA MASHINE, na mbele yake 643. Nikageuka nikawaambia wote, Filimbi akiwemo, kwamba mashine ilikuwa inakufa kweli lori likija, kama alivyosema, na kwamba aliyeiua ni mimi, na kwamba aliyemwita Mama Lori amtafute leo amwombe radhi, na mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Hakuna aliyecheka. Mmoja alitazama viatu vyake.

Mama mdogo alikuwa amefika nyuma yao. Wakampisha. Alikuwa ameshavaa aproni juu ya gauni la kijani na anasukuma toroli. Akavaa miwani, akasoma ubao polepole, herufi kwa herufi.

"Umenipunguzia," akasema.

Nikamwambia ndiyo hesabu ya kompyuta, mia na tisini, mia mbili na kumi na nne, mia mbili thelathini na tisa.

"Kompyuta imehesabu niliposimama. Haikuhesabu uliponicheka."

Nilikuwa bado nimeshika kalamu ya ubao. Nikamwuliza niandike ngapi. Nilitamani anizabe kibao, yangeisha pale pale, tungelia wote wawili na kwenda kunywa chai. Akavua miwani na kuitia mfukoni.

"Acha nafasi," akasema. "Nikiijua namba nitakuja kuiandika mwenyewe."

Akasukuma toroli hadi safu ya tisa. Baadaye kidogo, nikiwa nimeshairudisha kumi na saba kwenye anwani yake na kumpelekea, lori likapiga honi getini na filimbi ikalia. Nikasimama katikati ya ghala nikisikiliza. Kutoka safu ya tisa ikaja piip, na nyingine, na nyingine, haikukatika mpaka lori lilipoondoka.

Sasa ni miezi miwili. Nyumbani tunaongea, tunakula, ananiuliza kama nimeanua nguo. Dakika ameshaufuta ubao mara nane. Kila akiufuta narudi, naandika cheo changu juu kabisa, naandika mia sita arobaini na tatu, naweka alama ya kujumlisha, na mbele yake naacha nafasi. Mama mdogo hajaijaza.